Bwana afya, mwenye nyumba na nyumba mbovu: maswali kuhusu ukaguzi na ukarabati wa makazi Uingereza baada ya vita

Mazungumzo kuhusu makazi duni ya Uingereza hupenda kuruka kutoka mabomu ya Hitler hadi maghorofa ya zege. Katikati kuna karibu miaka thelathini ya kazi ambayo haikupigwa picha sana: mtu mwenye daftari na tochi anabisha hodi, anapapasa ukuta, kisha anamwandikia barua mwenye nyumba. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila kazi hiyo inapotajwa. Sheria zinazozungumziwa ni za England na Wales. Uskoti ina swali lake, la 16.

## Mambo ya msingi

1. Nani hasa alikuwa anakagua nyumba?

Kwa lugha yetu, bwana afya. Jina lake rasmi hadi 1956 lilikuwa mkaguzi wa usafi. Mwaka huo ilipitishwa sheria fupi ya kumbadilisha jina tu, akawa mkaguzi wa afya ya umma. Baada ya 1974 akaitwa afisa wa afya ya mazingira. Aliajiriwa na halmashauri, na nyumba zilikuwa sehemu tu ya mzigo wake: mtu yuleyule alikagua nyama buchani, jiko la mgahawa na mifereji ya maji machafu.

Juu yake alikuwapo mganga mkuu wa halmashauri. Mtaa mzima ulipotakiwa kuondolewa, taarifa rasmi ya daktari huyu ndiyo iliyowekwa mezani mbele ya madiwani. Cheo chake kilifutwa 1974.

2. Alikuja mwenyewe au mpaka aitwe?

Yote mawili. Sheria ya Nyumba ya 1936, na baadaye ile ya 1957, ziliitaka halmashauri ikague eneo lake mara kwa mara bila kungoja mtu alalamike, na kanuni za 1925 zilikuwa zimeshaagiza kumbukumbu zitunzwe. Ila wakaguzi walikuwa wachache na nyumba mbovu nyingi. Kwa hiyo alifika hasa mpangaji alipolalamika, au halmashauri ilipokuwa inaandaa bomoabomoa na kuhitaji mtaa upitiwe mlango kwa mlango.

3. Akishaingia ndani aliangalia nini?

Paa kwanza, kwa sababu maji yakishapita juu, kila kitu chini yake kinaharibika kwa zamu: dari, lipu, boriti, sakafu. Halafu mifereji ya paa, dohani, na sehemu ya chini ya kuta. Nyumba nyingi za wafanyakazi zilizojengwa kabla ya miaka ya 1870 hazikuwa na tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, hivyo maji ya ardhini yalipanda ukutani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Kisu kidogo kilimwambia kama ubao wa dirisha umeoza. Mifereji ya chini ilipimwa kwa kumimina maji yenye rangi au kupuliza moshi, halafu kutazama vinatokea wapi. Aliuliza pia familia ngapi zinatumia choo cha uani.

Kulikuwa na kunguni na panya pia, lakini hao walishughulikiwa chini ya sheria nyingine.

4. Nyumba "isiyofaa kukaliwa na binadamu" maana yake nini kisheria?

Kabla ya 1954 hapakuwa na orodha moja ya kitaifa, na kilichoitwa kibovu Leeds kingeweza kuvumilika kwingine. Kamati iliyotoa ripoti 1946 ilipendekeza vigezo, na Sheria ya Ukarabati na Kodi za Nyumba ya 1954 ikaweka orodha: hali ya matengenezo, uimara wa jengo, kutokuwa na unyevu, mwanga wa asili, hewa, maji, mifereji na vyoo, pamoja na mahali pa kuhifadhi, kuandaa na kupika chakula na pa kumwaga maji machafu. Nyumba ilihesabiwa haifai iwapo ilipungukiwa katika jambo moja au zaidi kiasi cha kutofaa kuishi watu kwa hali iliyokuwa nayo. Mwaka 1969 mpangilio wa ndani uliongezwa na uhifadhi wa chakula ukaondolewa.

Soma orodha hiyo tena, utaona kisichokuwamo. Bafu halimo. Maji ya moto hayamo. Choo cha ndani hakimo, umeme haumo. Sensa ya 1951 ilikuta takriban asilimia 37 ya kaya hazina bafu la kudumu, na nyingi za nyumba hizo kisheria zilikuwa salama salimini. Bafu lilikuwa suala la ruzuku (swali la 10), si la notisi.

5. Nyumba mbovu zilikuwa ngapi?

Inategemea nani alihesabu, na kwa shabaha gani. Mwaka 1955 halmashauri za England na Wales zilitakiwa kupeleka makisio yao, na jumla ikawa nyumba 847,000 hivi. Liverpool peke yake ilitaja takriban 88,000, Manchester 68,000. Halmashauri nyingine ziliandika idadi ndogo ya kushangaza. Mhasibu yeyote angeielewa sababu: ukiandika nyumba elfu kumi, kesho utaulizwa umebomoa ngapi na watu umewapeleka wapi.

Mwaka 1967 wizara ilifanya utafiti wa sampuli kwa kutumia wakaguzi wenyewe, ikapata nyumba milioni 1.8. Yaani baada ya zaidi ya miaka kumi ya kubomoa, idadi ilikuwa mara mbili ya ile ya mwanzo. Nyumba zilizidi kuchakaa, ni kweli, lakini safari hii waliohesabu hawakuwa wanajiwekea ahadi ya kuzibomoa.

## Notisi na matengenezo

6. Ubovu ukionekana, nini kilifuata?

Mara nyingi barua tu. Mkaguzi alimweleza mwenye nyumba au wakala wake kasoro alizoziona, akampa muda, akarudi kutazama. Ripoti za kila mwaka za waganga wakuu zilikuwa na safu maalumu ya nyumba zilizotengenezwa kwa njia hii isiyo rasmi, na kwa kawaida safu hiyo ilizidi ile ya notisi rasmi.

Barua isipozaa kitu, palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Afya ya Umma ya 1936: bati la mfereji linalovuja au choo kilichoziba kiliitwa kero, halmashauri ikatoa notisi ya kuiondoa, na aliyekaidi alipelekwa kwa mahakimu. Njia hii iliziba tundu lakini haikuirudisha nyumba katika hali nzuri. Ya pili ilikuwa sheria ya nyumba yenyewe, kifungu cha 9, katika toleo la 1936 na lile la 1957: nyumba haifai, ila inaweza kufaa kwa gharama ya kiasi, basi mwenyewe aitengeneze yote katika muda usiopungua siku 21. Maneno "gharama ya kiasi" ndiyo yaliyobeba uzito wote. Yako katika swali la 8.

Mwaka 1961 iliongezwa njia ya mkato kwa kasoro zisizoweza kungoja. Halmashauri ilitangaza nia, na baada ya siku tisa ikaweza kuingiza mafundi wake, isipokuwa mwenye nyumba alijibu ndani ya siku saba kwamba atafanya mwenyewe.

7. Mwenye nyumba akigoma?

Alikuwa na siku 21 za kukata rufaa kwenye mahakama ya wilaya. Zikipita, halmashauri iliweza kufanya kazi hiyo na kumdai gharama pamoja na riba, hata kwa awamu.

Kwenye karatasi hilo ni rungu zito. Kwa vitendo, halmashauri ilitanguliza fedha zake na kutafuta mafundi wakati vifaa vya ujenzi vikitolewa kwa leseni, utaratibu uliodumu hadi 1954, kisha ikaanza kumfukuzia mdaiwa ambaye huenda mali yake yote ilikuwa nyumba hiyohiyo mbovu. Wenye nyumba wengi hawakuwa matajiri. Kulikuwa na wajane na wazee waliorithi nyumba mbili tatu na kuishi kwa kodi ya shilingi chache kwa wiki, na mkaguzi aliyebisha hodi upande wa mpangaji asubuhi angeweza kukuta upande wa mwenye nyumba umaskini unaofanana nao.

8. "Gharama ya kiasi" ilipimwaje?

Hapa ndipo mambo yote yalipoamuliwa. Sheria iliagiza utazamwe uwiano wa makisio ya gharama na thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo baada ya kutengenezwa.

Sasa fikiria nyumba yenye mpangaji anayelindwa na kodi iliyogandishwa. Mnunuzi atailipia kidogo mno, kwa kuwa hawezi kumtoa mpangaji wala kupandisha kodi. Paa jipya na sakafu mpya vitagharimu zaidi ya nyumba yenyewe. Basi gharama si ya kiasi, notisi ya kutengeneza haiwezi kusimama, na mlango unaobaki ni wa kufunga au kubomoa. Nyumba ileile, kwa ubovu uleule, ikiwa tupu, ingeweza kuonekana inastahili kutengenezwa, kwa kuwa bei yake ingekuwa juu.

Matokeo yake yalikuwa ya kinyumenyume. Mwenye nyumba aliyeziba vigae viwili kila mwaka alibaki ndani ya uwezo wa notisi, lakini aliyeiacha nyumba ioze kabisa alitoka nje ya uwezo huo. Ulinzi wa mpangaji dhidi ya kupandishiwa kodi ulimpunguzia ulinzi dhidi ya mvua. Mimi nasema kasoro kuu ya mfumo mzima ilikuwa hii, kuliko uzembe wa mkaguzi yeyote: bwana afya alipima unyevu, lakini hukumu ilitolewa na soko.

Bunge lilijaribu kuziba pengo 1969 kwa kuruhusu notisi hata kwa nyumba ambayo bado inafaa lakini inahitaji matengenezo makubwa ili isifike huko.

9. Kodi ilihusikaje, na hati ya ubovu ni nini?

Vita vilipoanza Septemba 1939, kodi za nyumba nyingi ziligandishwa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1950 gharama za ujenzi zilikuwa zimepanda karibu mara tatu, ilhali kodi iko palepale. Sheria ya 1954 ilimruhusu mwenye nyumba kuongeza kodi akionyesha ametengeneza. Utaratibu ulikuwa na mizunguko mingi na wengi hawakuhangaika nao. Sheria ya Kodi za Nyumba ya 1957 ilifungua zaidi: nyumba za thamani ya juu zilitolewa kabisa kwenye udhibiti, na zilizobaki zikaruhusiwa ongezeko.

Hati ya ubovu ilikuwa silaha ya mpangaji dhidi ya ongezeko hilo. Alimpa mwenye nyumba orodha ya kasoro kwenye fomu maalumu na kungoja wiki sita. Kisha aliomba hati kwa halmashauri, mkaguzi akaja, na mwenye nyumba akapewa wiki tatu nyingine za kutoa ahadi ya maandishi kwamba atatengeneza. Akiahidi, hati haikutolewa. Asipoahidi, ilitolewa na kodi ikashushwa mpaka atakapotengeneza. Ni utaratibu mzuri kwa mpangaji mwenye subira, anayejua kujaza fomu, na asiyeogopa kumuudhi mtu anayeshika funguo.

10. Serikali haikusaidia gharama?

Ilisaidia kuboresha, haikusaidia kukarabati. Tangu 1949 halmashauri iliweza kulipa nusu ya gharama ya maboresho iliyoyakubali, kwa hiari yake. Mwaka 1959 ikaja ruzuku ya kawaida, ambayo mwombaji aliyetimiza masharti hakunyimwa: nusu ya gharama hadi pauni 155 kwa vitu vitano, yaani bafu, beseni la kunawia, maji ya moto, choo na mahali pa kuhifadhi chakula. Waliochangamkia zaidi walikuwa watu wanaoishi katika nyumba zao wenyewe. Kwa mwenye kupangisha, nusu iliyobaki ilikuwa bado ni fedha isiyorudi upesi.

## Kufunga, kubomoa, kungoja

11. Nyumba moja ikionekana haitengenezeki?

Mwenye nyumba aliitwa kikaoni. Aliweza kuahidi kuitengeneza au kuacha kuipangisha kama makazi, na halmashauri ikikubali, mambo yaliishia hapo. Vinginevyo ilitolewa amri ya kubomoa, au amri ya kufunga pale ambapo kuibomoa kungeangusha ya jirani, jambo la kawaida katika safu za nyumba zinazochangia kuta.

12. Na mtaa mzima?

Halmashauri ilitangaza eneo la kuondolewa, ikachora ramani. Nyumba zisizofaa zilipakwa pinki. Ardhi na majengo mengine yaliyohitajika ili kukamilisha eneo yalipakwa kijivu. Waliopinga walisikilizwa na mkaguzi wa wizara mbele ya umma, na waziri akaamua.

Tofauti ya rangi ilikuwa tofauti ya fedha. Mwenye nyumba ya pinki kwa kawaida alilipwa thamani ya kiwanja tu, kana kwamba nyumba haipo. Wa kijivu alilipwa bei ya soko. Ndiyo sababu mabishano makali ya vikao hivyo yalihusu ukuta mmoja kama una unyevu au hauna. Malalamiko ya watu walionunua nyumba za kuishi wakati wa uhaba yalizaa sheria ya 1956, iliyowafidia kikamilifu wengi walionunua baada ya kuanza kwa vita.

13. Nyumba zilizohukumiwa ziliendelea kukaliwa?

Ndiyo, kwa miaka. Birmingham ndio mfano mkubwa. Baada ya vita jiji lilijitwalia maeneo matano ya katikati yenye nyumba takriban 30,000, likiwa halina pa kuwahamishia watu wake. Likawa mwenye nyumba wa makazi lililoyahukumu lenyewe, na likayafanyia matengenezo ya kuvuta siku. Wenyewe waliyaita kwa maneno ya fundi viatu: kutia soli na kisigino. Paa linazibwa, ukuta unaegemezwa, bomba linawekwa, na kiatu kinatembea tena kidogo.

Sheria iliruhusu nyumba kama hizo zitumike kwa muda zikiwa "zinatosha kwa wakati huo". Ilichukua miaka ishirini mtu kuuliza mahakamani maneno hayo yanavumilia ubovu kiasi gani. Tazama swali la 14.

## Kesi za pembeni

14. Mwenye nyumba akiwa ni halmashauri yenyewe?

Salford ina historia hapa. Wakati wa vita, mpangaji wa manispaa hiyo alikuwa na dirisha la kupandisha na kushusha kwa kamba, la pekee katika chumba cha kulala. Kamba moja ilikatika, akatoa taarifa, hakuna aliyekuja. Miezi miwili baadaye akisafisha kioo kamba ya pili nayo ikakatika, dirisha likambana mkono. Katika hukumu iliyochapishwa 1943, Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya mwisho, lilisema chumba kisichoweza kupitishiwa hewa kwa usalama kinatosha kuifanya nyumba isifae. Tangu hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba kasoro ndogo haihesabiki.

Miaka thelathini baadaye ni Salford tena. Manispaa ilikuwa imenunua nyumba kwa ajili ya kuzibomoa, ikaahirisha, na mpangaji mmoja akaipeleka kwa mahakimu kwa kutumia kifungu cha 99 cha Sheria ya Afya ya Umma, kilichompa raia wa kawaida haki ya kulalamikia kero. Manispaa ilijitetea kwamba nyumba "inatosha kwa wakati huo". Malodi walikataa: kungoja kubomolewa hakuifanyi kero ya afya iwe halali.

Kifungu hicho kilikuwa muhimu, maana 1982 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Cardiff, ilithibitisha kwamba halmashauri haiwezi kujipelekea yenyewe notisi ya kutengeneza. Mganga hakuweza kujitibu, ikabidi mgonjwa aende kwa hakimu.

15. Nyumba moja yenye wapangaji chumba kwa chumba?

Vigezo vya swali la 4 viliwaza familia moja kwa nyumba moja. Notting Hill, mtaa wa London, na sehemu za Birmingham zilijaa nyumba kubwa zilizokatwakatwa vyumba, wakiishi humo wahamiaji wa Karibi, Waairishi na wengine ambao hawakupokelewa kwingine na wala hawakuwa na sifa za kupewa nyumba za halmashauri. Sheria za 1961 na 1964 zilizipa halmashauri uwezo wa kudai vyoo na njia za kutokea moto, kuweka kikomo cha wakazi, na hatimaye kuchukua usimamizi wa nyumba.

Jina linalotajwa daima ni la Perec Rachman, mwenye nyumba wa Notting Hill aliyefariki 1962. Kashfa ya jinsi alivyowatendea wapangaji wake ililipuka mwaka uliofuata. Alinufaika na mlango uliofunguliwa na Sheria ya Kodi za Nyumba ya 1957 (swali la 9): mpangaji wa zamani akiondoka, chumba kinatoka kwenye udhibiti. Notisi ya bwana afya hapo ilikuwa upanga wenye makali kuwili, kwani kupunguza wakazi maana yake ni mtu kutoka.

16. Uskoti ilikuwa tofauti?

Sheria zake ni mbali, na jengo lake ni lingine: ghorofa za mawe za Glasgow zenye kaya nyingi kwa ngazi moja na choo cha kuchangia. Paa ni la wote, kwa hiyo notisi kwa mmoja haikutosha. Ripoti ya 1967 kuhusu nyumba kuukuu za Uskoti ilizaa kipimo kipya, "kiwango kinachovumilika", katika sheria ya 1969.

17. Bomoabomoa ilikoma lini?

Haikukoma kwa siku moja. Sheria ya 1969 iliruhusu maeneo mazima kuboreshwa badala ya kuondolewa, na ile ya 1974 ikaelekeza fedha kwenye mitaa yenye hali mbaya zaidi. Kuporomoka kwa kona ya jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, Mei 1968, kuliwaondolea wengi hamu ya maghorofa yaliyokuwa yanachukua nafasi ya mitaa hiyo.

Leicester inawahusu wasomaji wetu. Septemba 1972 halmashauri yake ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi Waasia waliofukuzwa na Idi Amin wasiende huko, ikitaja uhaba wa nyumba miongoni mwa sababu. Walikwenda. Wengi walikaa Belgrave na Highfields, katika nyumba kuukuu za safu, mitaa ambayo Kiswahili nacho kilisikika dukani.

18. Mpangaji hakuweza kushitaki mwenyewe?

Aliweza, kwa masharti. Sheria iliweka ahadi ya lazima kwamba nyumba ya kodi ya chini inafaa kukaliwa, lakini kikomo cha kodi hiyo kilipandishwa 1957 hadi pauni 80 kwa mwaka London na 52 kwingineko, kisha kikasahaulika hadi hakuna nyumba iliyobaki chini yake. Msaada ulitoka kwenye sheria ya 1961, iliyomfunga mwenye nyumba kutengeneza muundo na sehemu za nje katika mikataba mifupi ya chini ya miaka saba.

Hata hivyo ilibidi mwenye nyumba awe ameambiwa kasoro. Wapangaji wawili wa London walilalamika 1965 kuhusu kishindo cha watu wa juu. 1968 dari likawaangukia kitandani. Baraza la Malodi, mwaka 1973, lilisema malalamiko yale yalihusu kelele, hayakuhusu dari. Kasoro ya dari haikuwa imeonekana na mtu, na walishindwa kesi.